Ndengu, Sufuria na Msasa: Kumfundisha Mtoto Nyumbani kwa Njia ya Montessori

Mtoto wa miaka mitatu akimwaga ndengu kwenye sinia, anaziona. Hahitaji kuambiwa zimemwagika. Njia yote ya Montessori imejengwa juu ya jambo hilo dogo: kifaa kimwonyeshe mtoto kosa lake, mtu mzima anyamaze. Ukilishika hilo, unaweza kuanza katika nyumba ya chumba kimoja Umoja au Kawangware, mitaa ya Nairobi, bila kununua hata kidude kimoja kinachouzwa kwa jina hilo. Vingi ni mbao tu iliyopakwa rangi ya kupendeza, na bei yake inalipia jina.

Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Lilikuwa jengo la wapangaji. Wazazi walishinda kazini, na wenye jengo walitaka mtu wa kuwashika watoto wasiendelee kuchafua kuta na ngazi. Aliyewahi kuishi kwenye ploti Nairobi hahitaji maelezo zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, yaani kuanzia kabla ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mpaka anapokaribia Gredi ya 1. Unamfaa anayesomea nyumbani moja kwa moja, na pia anayerudi kutoka shule mchana akiwa bado ana hamu ya kushika vitu.

Rafu, mkeka na sinia

Kreti mbili za plastiki zilizolazwa kwa ubavu, moja juu ya nyingine, zikafungwa pamoja kwa waya na kuegemezwa ukutani, zinatosha kuwa rafu. Sehemu ya juu isizidi sentimita 75 kutoka sakafuni, maana mtoto anapaswa kushusha sinia akiona kilicho ndani yake, si kuivuta kwa vidole kutoka juu ya kichwa chake.

Weka kazi sita. Nane ni nyingi tayari kwa mtoto anayeanza. Kila kazi ina sinia yake, na kila sinia ina kila kitu kinachohitajika, pamoja na kitambaa cha kufutia. Mtoto akilazimika kuja jikoni kukuomba kitambaa, kazi imekatika na huenda asiirudie. Chagua sinia ya rangi moja isiyo na maua. Kwenye maua, punje iliyoanguka haionekani, na kosa lisiloonekana halimfundishi mtu.

Mkeka mdogo wa sentimita 60 kwa 90 ndio uwanja wake wa kazi. Mfundishe kuukunja na kuukunjua kabla ya kitu kingine chochote. Kazi iliyo juu ya mkeka ni yake hadi airudishe kwenye rafu, na wengine nyumbani, hata mdogo wake anayetambaa, hawaigusi. Sheria hiyo inapunguza vita kuliko mahubiri yoyote.

Usibadilishe rafu nzima kila Jumapili usiku kama mapambo. Toa kile ambacho hakijaguswa kwa wiki mbili, acha kinachorudiwa.

Kumimina, na kwa nini kuanze na kikavu

Tafuta jagi mbili ndogo zinazofanana, za plastiki nzito au chuma, zenye mkono na mdomo wa kumiminia, ujazo wa robo lita kila moja. Kwenye masoko ya Muthurwa na Gikomba zipo. Vikombe visivyo na mdomo humwaga kando hata mkono ukiwa sawa, na mtoto hujiona hajui ilhali mwenye kosa ni kikombe.

Jaza jagi ya kulia hadi nusu kwa mahindi makavu. Keti upande wa kulia wa mtoto. Shika mkono wa jagi, mkono mwingine utegemeze chini ya mdomo wake, inua polepole, mimina mpaka punje ya mwisho, tua. Kisha rudisha upande wa pili. Usizungumze mkono ukiwa unatembea. Ukizungumza mtoto atakutazama mdomo na mkono ataukosa. Angusha punje mbili tatu kwa makusudi, ziokote moja moja kwa vidole, urudishe ndani ya jagi. Usipofanya hivyo, mtoto ataamini kwamba kumwaga ni kushindwa. Ukifanya, ataona kuokota ni sehemu ya kazi.

Mahindi yakishakuwa rahisi, leta ndengu, kisha mchele, kisha maji. Kila hatua inaongeza ugumu mmoja tu: punje zinapungua ukubwa, zinakimbia kwa kasi zaidi. Ukibadilisha jagi na punje siku moja, hutajua kilichomshinda ni kipi.

Maji yaanze na mililita 150, yenye tone la rangi ya chakula ili yaonekane. Kwenye jagi ya pili bandika ukanda wa selotepu ya karatasi mahali pa kukomea. Pale ambapo maji ya mfereji hufika siku mbili kwa wiki, maji hayohayo hutumika asubuhi nzima, kisha mtoto hupewa sponji ayafyonze na kuyakamulia kwenye ndoo ya kupigia deki. Sponji ni kazi kamili peke yake: bakuli mbili, sponji moja, vikombe viwili vya maji. Inaimarisha vidole vilevile vitakavyoshika penseli.

Mtoto anaweza kurudia mara ishirini. Mwache. Akianza kurusha punje hewani, chukua sinia bila ugomvi: "Mahindi ni ya kumimina. Tutajaribu tena kesho." Mara nyingi anayerusha amechoka, au kazi imekuwa rahisi mno kwake.

Tahadhari hapa si za kupita haraka. Punje kavu ikiingia puani au sikioni hufura kwa unyevu. Usijaribu kuitoa kwa kibaniko, mpeleke mtoto hospitali. Anayeweka kila kitu mdomoni bado hajafikia kazi ya punje. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu isiyoisha mpaka yachemke vizuri, ndiyo maana hatukuanza nayo. Karanga nzima zisiguse sinia ya mtoto wa chini ya miaka minne. Na beseni humwagwa mara tu kazi inapokwisha, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache.

Kazi nyingine za jikoni hufuata mwendo uleule: kumenya yai lililochemshwa, kuambua njegere, kukata ndizi mbivu kwa kisu cha kupakia siagi, kuchambua ndengu, kufua soksi moja kwenye karai dogo na kuianika kwa pegi. Chapati inahitaji vipimo, kwa sababu wengi humpa mtoto donge la unga wa watu wazima na linamshinda. Gramu 100 za unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Mtoto akande mpaka unga uache kushika vidole, kama dakika nane. Ufunike kwa kitambaa dakika 20. Ukiruka mapumziko hayo, chapati itajivuta na kurudi ndogo kila akisukuma, naye ataacha. Yanatoka madonge matatu. Kifimbo kiwe kifupi, sentimita 20. Moto ni wako.

Kufagia nako kuna siri moja: chora mduara wa chaki sakafuni, wa upana wa sahani. Mtoto husukuma taka zilizotawanyika mpaka ndani ya mduara, kisha huzoa. Bila mduara, kufagia ni kuhamisha uchafu kutoka kona moja hadi nyingine.

Zungumza na dada kabla ya kuzungumza na mtoto

Katika nyumba nyingi za Nairobi, anayekaa na mtoto mchana si mzazi, ni dada wa kazi, au nyanya aliyekuja kutoka mashambani. Yeye anahukumiwa kwa nyumba safi na mtoto asiyelia. Kwa hiyo atamvalisha viatu, atamlisha, atamimina mwenyewe maji yasimwagike. Hana makosa, hivyo ndivyo alivyoagizwa. Njia hii ikifa, mara nyingi hufia hapo.

Badilisha agizo. Mwambie wazi, mbele ya mtoto, kwamba maji yakimwagika hakuna wa kulaumiwa. Mwonyeshe kumimina kama utakavyomwonyesha mtoto, naye ajaribu. Mkubaliane mambo mawili: asimfanyie mtoto jambo ambalo mtoto ameanza mwenyewe, na asimsifu kila sekunde. "Umefanya vizuri sana!" inayotolewa kila punje humgeuza mtoto atazame uso wa dada badala ya jagi. Asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu, televisheni izimwe. Montessori alitaka saa tatu mfululizo za kazi. Nyumbani, saa moja na nusu isiyokatwa ni mafanikio.

Sufuria ni mnara

Kifaa maarufu cha Montessori ni mnara wa waridi: vipande kumi vya mbao vya pande sita sawa, kuanzia sentimita 1 mpaka 10. Kumpata fundi wa kukata vipande hivyo bila kukosea milimita ni kazi. Lakini kabatini tayari kuna kitu kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo: seti ya sufuria zetu zisizo na mikono, zinazoingia moja ndani ya nyingine.

Tandaza mkeka, maana jirani wa chini ana masikio. Toa sufuria tano au saba, zitawanye ovyo. Tafuta iliyo kubwa kuliko zote, iweke, kisha inayofuata ndani yake, mpaka mwisho. Akiruka moja, itabaki mkononi bila mahali pa kuingia. Hilo ndilo kosa linalojisema. Akizoea, pinda kazi: zijengwe juu kwa juu zikiwa zimefunikiza, kubwa chini. Sufuria iliyobonyea ukingo itoe kwenye seti. Itakwama mahali pake halali na kumdanganya.

Kwa mkono, nenda kwa fundi cherehani umwombe vipande. Unataka aina nane, viwili viwili, sentimita 12 kwa 12, kingo zimeshonwa zigizaga zisichambuke: jinsi, satini, taulo, sufi, leso, kitenge, kikoi, mahameli. Fua vyote kwanza, kwani kitenge kipya ni kigumu kwa wanga na kitamjulisha mtoto kwa njia isiyo ya kweli. Anza na jozi tatu zinazotofautiana sana, taulo, jinsi na satini. Mtoto ahisi kimoja, atafute pacha wake. Watoto wengi hawapendi kufungwa macho, na si lazima. Tandika leso juu ya mikono yake, apapase chini yake. Leso na kitenge viwe vya mwisho. Vyote ni pamba, na hapo hata wewe utasita.

Kwa sikio, hakuna haja ya kutengeneza chochote. Keti sakafuni na mtoto, mnyamaze dakika moja, kisha kila mmoja ataje alichosikia: honi ya matatu, mwuza mboga, adhana, mfereji unaodondoka. Halafu nenda chumba kingine, umwite kwa mnong'ono aje kwa nyayo zisizosikika. Montessori aliuita mchezo wa ukimya. Dakika moja kwa mtoto wa miaka minne ni ndefu. Ukiidai iwe tano utaharibu mchezo.

Jambo moja hatukubaliani na wafuasi wake wakali: wao huona michezo ya kuigiza inampotezea mtoto wakati. Watoto wanaocheza kalongolongo nyuma ya nyumba, wakipika matope kwenye vizibo na kupokezana kuwa mama na baba, wanapanga, wanagawana na kujadiliana. Rafu ni ya asubuhi. Mchana waachie kalongolongo yao.

Hesabu: fito kumi na vijiti 45

Fito za Montessori ni kumi, kuanzia sentimita 10 mpaka mita moja, zimepakwa nyekundu na buluu kwa zamu. Katika chumba kidogo mita moja haina pa kulala. Zipunguze nusu: ufito wa kwanza sentimita 5, wa pili 10, mpaka wa kumi sentimita 50. Jumla ni sentimita 275. Mbao ya inchi moja kwa inchi moja, ya urefu wa futi 10, ina sentimita 305, na msumeno hula kama milimita tatu kila mkato, kwa hiyo mbao moja inatosha na akiba inabaki.

Mwambie fundi apime kila ufito kwa tepu, asitumie ule aliomaliza kuukata kama kipimo cha unaofuata, la sivyo kosa la milimita moja litakua hadi mwisho. Kabla ya kulipa, weka ufito wa 9 na wa 1 kwa mstari kando ya wa 10. Kisha 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4. Vyote lazima viishie mahali pamoja. Hilo ndilo somo ambalo mtoto atalifikia mwenyewe siku moja, na fito zisipolingana halitafika kamwe. Piga msasa kingo, kisha rangi ya maji isiyo na madini ya risasi. Kila ufito uanze na nyekundu upande wa kushoto, ubadilike kila sentimita 5.

Fito hufundisha wingi ulioungana. Vijiti hufundisha wingi uliotawanyika. Gawanya boksi katika visehemu kumi na uandike 0 hadi 9. Andaa vijiti vya aiskrimu 45 kamili, kwani 0 na 1 na 2 mpaka 9 ni 45. Mtoto huhesabu vijiti vya kila kisehemu mkononi mwake, huvifunga kwa raba, huvitia. Akimaliza na kijiti kimebaki, au kimepungua, kuna mahali alikosea na atarudi kutafuta bila kuambiwa. Kwa hiyo vihesabu wewe kila usiku. Kijiti kimoja kikipotelea chini ya kochi, kifaa kinaanza kusema uongo, na mtoto aliyehesabu sawasawa ataambiwa amekosea. Sehemu ya sifuri iache tupu, mtoto aone kwamba "hakuna" nayo ina mahali pake.

Sasa, lugha yetu ina mtego mahali hapa na zawadi mahali pengine. Mtego: mtoto anasikia "mbili" kwenye wimbo wa kuhesabu, lakini mezani anasikia "vijiti viwili", "watoto wawili", "mayai mawili". Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Baadhi ya watoto hawajui kwamba viwili na mbili ni kitu kimoja. Basi sema vyote kwa pamoja wiki za mwanzo: "Mbili. Vijiti viwili." Usimkatize akisema "vijiti mbili", mrudishie tu umbo sahihi katika sentensi yako.

Zawadi huja baada ya kumi. Kumi na moja, kumi na mbili: jina lenyewe linasema kilichomo. Tunga shanga kumi za milimita 8 kwenye waya mwembamba, pinda ncha zote mbili zisichome, upate mchi wa kumi. Weka mchi mmoja na shanga moja kando yake, na mtoto anasoma kwa macho kile anachosema kwa mdomo. Kwa kuanzia unahitaji shanga tisa za pekee na michi tisa, yaani shanga 99. Nunua 120, nyingine zitapasuka. Shanga zipo soko la Kariokor na madukani katikati ya jiji.

Zawadi inakatika kwenye ishirini. Ishirini, thelathini, arobaini hazifanani na mbili, tatu, nne, na watoto hukwama hapo muda mrefu. Pitia njia ndefu: weka michi miwili, sema "makumi mawili", kaa na jina hilo siku kadhaa, kisha "makumi mawili tunayaita ishirini". Sitini, sabini na tisini huwa rahisi kwa sababu zinaazima sura ya sita, saba na tisa. Wengine huanza nazo hizo, na si wazo baya.

Herufi za msasa

Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa. Montessori alijaribu herufi zake kwa watoto wa Kiitaliano, lugha ambayo kwa kiasi kikubwa huandikwa kama inavyotamkwa. Kiswahili nacho ni hivyohivyo, irabu tano, kila moja na sauti moja. Mtoto aliyejua sauti sita anaweza kuandika maneno. Mzazi wa Nairobi anayekimbilia "ei, bi, si" anaiacha njia iliyonyooka: jina la Kiingereza la herufi e ni sauti ya i yetu, na jina la i ni "ai". Malizeni Kiswahili kwanza mpaka mtoto aunganishe sauti bila kukwama, kisha Kiingereza kitapata pa kusimama.

Utahitaji msasa namba 120, karatasi nne za kawaida. Kila moja hutoa herufi sita za urefu wa kama sentimita 9. Namba 60 huchuna vidole, na 400 ni laini mno, kidole hakihisi njia. Kadi za sentimita 12 kwa 15 kata kutoka kwenye kadibodi ngumu. Herufi ni 24, kwani q na x hazimo; c imo, ingawa hutumika ndani ya ch tu.

1. Chora herufi nyuma ya msasa ikiwa imegeuka kama kwenye kioo. Watu wengi hukosea hapa: huchora kawaida, hukata, wakigeuza upande wenye mchanga wanakuta b imekuwa d.
2. Kata kwa wembe kutoka upande wa nyuma, unene wa mstari uwe kama sentimita moja na robo, upana wa ncha ya kidole.
3. Paka rangi kadi: irabu buluu, konsonanti nyekundu. Acha zikauke.
4. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, weka vitabu vizito juu usiku mzima. Gundi ya unga hubanduka kwa jasho la vidole baada ya wiki.
5. Piga mstari mwembamba chini ya kila herufi, mtoto ajue iko wima.

Anza na a, i, u, m, k, t. Ndani ya hizo sita mna mama, kaka, kuku, kiti, kitu, taa, mti, mtu, mkia. Usipange b na d wiki moja. Na r na l zitenganishe kwa wiki kadhaa, hasa ikiwa lugha ya nyumbani haizitofautishi. Kalamu na karamu ni mbali sana kwa anayesubiri chakula.

Leta kadi mbili, tatu kwa mkupuo mmoja, si zaidi. Somo lina hatua tatu, na Montessori alilichukua kwa Mfaransa Édouard Séguin. Kwanza, fuatisha herufi kwa kidole cha shahada na cha kati, kwa mwendo uleule wa kuandika, na utamke sauti: "mmm". Mtoto afuatishe, aseme. Pili, kadi zikiwa mezani, "nionyeshe mmm", "weka a kwenye mkeka", "fuatisha t", "nifichie m mgongoni". Tatu, "hii ni nini?" Hatua ya pili ndiyo ya kukaa, hata siku tatu nne, na ndiyo mchezo wenyewe. Wazazi huiruka kwa sababu wana haraka ya kusikia jibu. Mtoto asipojibu katika hatua ya tatu, usimwambie amekosea. Rudi ya pili, au funga siku hiyo.

Tamka sauti, si silabi. Ukimfundisha kwamba b ni "ba", atakapounganisha b-a-b-a atapata "ba-a-ba-a". B iwe fupi, midomo ikifunguka tu. Nyimbo za ma, me, mi, mo, mu ni nzuri, lakini ziimbwe baada ya sauti kukaa.

Vizibo vinavyoandika

Mtoto wa njia hii huandika kabla ya kusoma, maana kuandika ni kutoa neno analolijua tayari, ilhali kusoma ni kulikisia la mtu mwingine. Mkono wake haujaweza penseli, kwa hiyo mpe herufi za kuhamishwa. Kusanya vizibo vya chupa za maji 109, uviandike kwa kalamu ya wino usiofutika: a 12, i na u 8 kila moja, k, m, n 6, e na o 5, w, t, l, b, s 4, zilizobaki 3 kila moja. Piga mstari chini ya kila herufi, la sivyo n ikigeuka ni u. Viweke kwenye boksi lenye vyumba, na mbali na mdogo wa chini ya miaka mitatu, kwani kizibo hicho humkaba koo.

Weka vitu vitatu halisi kwenye mkeka: kiti cha kuchezea, taa, mti mdogo wa plastiki. Mtoto aseme neno polepole, asikilize sauti ya kwanza, atafute kizibo chake, kisha inayofuata. Mtu na mti humtatiza kidogo, kwa sababu m imesimama peke yake bila irabu; wengi huandika "muti". Mwache. Usimwombe akusomee alichoandika; mara nyingi hawezi bado, na ombi hilo humwonyesha kwamba kuna mtihani.

Vivyo hivyo na makosa mengine ya wiki za mwanzo. Akitaka ng'ombe akaandika "gombe", amesikia vizuri kuliko unavyodhani: amekosa tu herufi ya sauti ile ya mwanzo. Usiguse vizibo vyake. Kesho yake leta kadi mpya ya msasa, ng' ikiwa imebandikwa pamoja na kibainishi chake kwenye kadi moja ya kijani, na kizibo kimoja chenye ng' nzima. Mpe hatua tatu, ukiilinganisha na sauti ya kwanza ya ngoma. Zifuate ch, sh na ny kwa namna hiyohiyo; dh, gh, kh na th zinaweza kungoja mpaka akaribie miaka sita.